Zulia juu ya zege la besimenti

Kaka, umeuliza kama ubandike zulia moja kwa moja kwenye zege la besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba: hapana, usibandike hata kama zege linaonekana kavu, mi nafanya kazi ya sakafu huku Ohio, Marekani, na mazulia mengi tunayong'oa besimenti upande wa juu ni safi kabisa ukiyageuza chini ni meusi tii kwa ukungu. Zege likigusana na udongo linavuta maji polepole, huwezi kuona kwa macho. Pima kwanza: kata nailoni kama sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote nne kwa solotepu pana, iache mpaka kesho yake, ukibandua ukakuta matone au zege limekoza rangi basi unyevu upo, hapo weka tailsi halafu tandika mkeka au kapeti la kukunja, watoto wakimwaga juisi unatoa nje unaanika. Majira ya joto washa mashine ya kukausha hewa, unyevu usizidi asilimia 50. Sofa, tivii na mataa ni mambo ya mwisho, yasikupe presha.

Ila kabla familia haijaanza kushinda huko chini pima radoni, ni gesi ya ardhini haina harufu na inaleta kansa ya mapafu, kipimo chake si ghali, ikifika 4 pCi/L (kizio cha kupimia radoni hewani) EPA, shirika la mazingira la Marekani, wanasema rekebisha. Na kama kuna mgeni atakuwa analala huko, sehemu nyingi sheria inataka dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea moto ukiwaka.