Anza na Sikio: Kwa Mwalimu Anayeanza Kufundisha Video Shuleni

Walimu wengi wapya wa video huanza na kamera. Wanaeleza lenzi, wanaonyesha tripodi, kisha wanawatuma wanafunzi nje. Wiki ya tatu yanarudi mahojiano yanayopendeza machoni lakini hayasikiki: matatu zilikuwa zikipiga honi nje ya lango, na simu ilikuwa mita 2 kutoka kwa msemaji. Picha yenye giza kidogo mtazamaji huivumilia. Sauti ikiharibika anaondoka, na programu ya kuhariri haiwezi kurudisha maneno ambayo maiki haikuyanasa. Mwezi wa kwanza, basi, fundisha sauti.

Zoezi la kwanza linataka simu moja na hedifoni. Mwanafunzi mmoja asome sentensi ileile mara tatu: simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, kisha mita 1, kisha mita 3. Lifanyieni makusudi upande wa shule unaopakana na barabara. Darasa lisikilize kwa hedifoni, kwa sababu spika ya simu huficha makosa. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6, lakini ya barabara hubaki palepale, maana chanzo chake kiko mbali tangu mwanzo. Waambie pia wasikilize pale msemaji anapopumua: simu nyingi hujirekebisha zenyewe, na kukiwa kimya huongeza nguvu ya maiki, kwa hiyo kelele hupanda katika kila pumziko. Mwanafunzi akishalisikia hilo mara moja, atasogea karibu bila kukumbushwa.

Maiki ndogo za kubana kwenye nguo ndizo ununuzi wa kwanza wenye maana, kabla hata ya tripodi. Kagua pini iliyo mwisho wa waya. Pini inayofaa simu ina mikanda mitatu myeusi, ya kamera ina miwili. Ukichomeka ya kamera kwenye simu, mara nyingi simu haitaitambua. Itaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuonya. Jaribio ni rahisi: rekodi sekunde tano huku ukikwaruza maiki kwa ukucha, kisha sikiliza. Usiposikia mkwaruzo mkali, maiki haifanyi kazi. Ibane shubiri moja chini ya kidevu. Sare za shule ndizo zinazosumbua hapa, kwa kuwa tai inayoning'inia hugonga maiki na sweta huisugua. Ibane kwenye ukingo wa kola na upitishe waya ndani ya shati.

Madarasa yetu mengi yana kuta za mawe na sakafu ya saruji, na mwangwi wake ni mkubwa. Tundika shuka mbili nzito au blanketi nyuma ya kamera na kando ya msemaji, au hamia maktaba katikati ya rafu za vitabu. Mvua ikianza kupiga mabati, ahirisha, hakuna ujanja. Kabla ya kuondoka mahali popote, kila mtu anyamaze na mrekodi sekunde 30 za ukimya wa hapo. Mhariri atakuja kuzibia mapengo kwa ukimya huo.

Picha ifuate mwezi wa pili, na isianze na hadithi ya kuigiza. Wape kazi inayofanywa kwa mikono. Mpishi wa shule anayesukuma chapati anatosha: mikono inayosukuma, uso wake, mikono na uso pamoja, jiko lote kutoka mlangoni, kisha kutoka juu ya bega lake, tuone anachokiona yeye. Picha tano, kila moja isipungue sekunde 10, bila kutikisika. Wataacha kurekodi mapema mno, kila mara. Wafundishe kuhesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kitendo na hadi tano baada yake, la sivyo mhariri hana pa kukata. Wakipata hizo tano, liulize darasa: chapati iligeuzwa lini, na kwa mkono upi? Mkono wa kulia katika picha moja na wa kushoto katika inayofuata hauunganiki. Hapo ndipo mfuatano unapoeleweka.

Mwanga wa Nairobi una tabia yake. Tuko karibu na ikweta, na kuanzia saa tano hadi saa tisa jua liko juu ya kichwa. Macho ya msemaji yanageuka mashimo meusi. Piga kabla ya saa nne asubuhi, baada ya saa kumi, au chini ya kivuli cha veranda huku msemaji akitazama nje. Ndani, taa za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa Hz 50. Simu iliyowekwa kwenye fremu 30 kwa sekunde inaweza kuonyesha mistari inayotembea kwenye ukuta. Tumia fremu 25 na kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/50. Kama kamera ya simu haina chaguo hilo, pakua programu ya Open Camera ya simu za Android, ambayo ni ya bure. Simu ikikataa bado, zima taa na ukae karibu na dirisha.

Sasa muda. Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Kwa darasa la wanafunzi 45 na simu 5, unda makundi 9 ya watu watano: mwongozaji, mpiga picha, wa sauti, mwandishi wa kumbukumbu za picha, na mhusika. Dakika 10 maelezo. 25 makundi matano yarekodi huku manne yakipanga uhariri kwenye karatasi. 5 za kubadilishana. 25 makundi manne yarekodi, simu ya tano ichajiwe. 15 za kutazama pamoja. Dakika 15 za mwisho usiziibe, hata kengele ikikukimbiza. Majukumu yazunguke kila wiki, maana anayependa kamera ataing'ang'ania hadi muhula uishe, na msichana mkimya atabaki na daftari.

Kila kundi lisizidi dakika 6 za video ghafi. Kwa ubora wa 1080p, dakika moja ni kama MB 130, kwa hiyo makundi tisa ni takriban GB 7. Hamisha kwa kebo. Ukituma video kama kawaida kwa WhatsApp inabanwa na kuharibika.

Kwenye uhariri, Kdenlive na Shotcut ni za bure na hukubali laptopu za kawaida. DaVinci Resolve ina toleo la bure pia, lakini hutaka mashine yenye nguvu. Tatizo litakalokujia kwanza ni mwanafunzi kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye fleshi, kisha kuichomoa. Siku ya pili programu inaonyesha picha zimepotea. Faili zote zinakiliwe kwenye folda moja ya laptopu kabla programu haijafunguliwa. La pili ni midomo kuachana na sauti kadiri video inavyokwenda, kwa sababu simu nyingi hurekodi fremu zisizo na idadi thabiti. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, chagua fremu 25 zisizobadilika, kisha ndipo uhariri.

Ruhusa ishughulikiwe mapema. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto, na uso wake ni data. Fomu zisainiwe muhula unapoanza, na orodha ya wasioruhusiwa kuonekana ikae na mwongozaji. Muziki wa redioni uache, una wenyewe. Klabu ya muziki ya shule irekodi ngoma zake, hasa kama kazi itaelekea kwenye tamasha la drama na filamu.

Siku ya onyesho, jaribu sauti kwenye spika za bwalo likiwa bado tupu, kisha uache nafasi ya kuiongeza. Wanafunzi wakishajaa, miili na sweta zao zitafyonza sauti.