Maswali ya Wasomaji: Graviti Ndo Ya Kwanza Kuangalia Kabla Hujatua

SWALI: Habari za kazi. Mi nacheza Elite Dangerous, ile gemu ya kurusha meli za angani, karibu mwaka sasa na ninachopenda zaidi ni kusafiri mbali kutafuta sayari ambazo hakuna aliyefika. Juzi nilikuwa narudi kutoka safari ya wiki tatu, data zote za sayari nilizoskani, zile tunazouza kwenye gemu, bado ziko kwenye meli sijauza hata moja, njiani nikaona kisayari cha kijivu hivi nikasema ngoja nitue nipige picha. Nikashuka kama ninavyoshuka siku zote. Nilipofika kama mita 200 juu ya ardhi nikabonyeza kitufe cha kushuka kidogo tu nikaachia, meli ikagoma kusimama, ikaendelea kwenda chini mpaka ikajipigiza, ngao zikaisha, ikalipuka. Injini zilikuwa nzima kabisa. Baadae rafiki akaniambia angalia graviti, yani mvuto wa sayari, nikafungua ramani nikakuta 4.2 G. Sasa hiyo ni kubwa kivipi, na mbona sayari yenyewe ilikuwa ndogo?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hapo najua kinachouma sio meli, manake meli unalipia asilimia 5 ya bei yake unarudishiwa, ila data ambazo hujauza zikipotea zimepotea, wiki tatu zote zimekwenda na hakuna pa kuzidai.

Tuanze na hiyo namba. 1 G ndo mvuto wa hapa Duniani, yani kitu kikidondoka kila sekunde kinaongeza mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde. Mwezi wetu ni kama 0.17 G, Mars ni 0.38. Wewe ulikuwa kwenye 4.2. Chukua hizo hizo mita 200 zako: kitu kikiachiwa kidondoke Mwezini kinachukua karibu sekunde 16 kufika chini na kinagonga kwa mita 25 kwa sekunde, hapo una muda wa kushtuka, kufikiri na kurekebisha. Kwenye sayari yako ni sekunde 3 tu, na kinagonga kwa mita 128 kwa sekunde, yani zaidi ya kilomita 450 kwa saa.

Najua utasema lakini meli si ilikuwa inajishikilia yenyewe hewani, ni kweli, ila angalia inajishikiliaje. Thrasta za chini ya meli, yani injini zinazoisukuma juu, zina kazi mbili, ya kwanza kubeba uzito wa meli, na nguvu inayobaki ndo breki yako. Kwenye 0.1 G uzito ni mdogo mno kwahiyo karibu nguvu yote ni breki, ukiachia kitufe meli inasimama papo hapo na mkono wako unazoea hivyo. Kwenye 4.2 G nguvu nyingi imeshaliwa na kubeba tu, breki iliyobaki ni kidogo sana, kwahiyo ukisukuma chini sekunde moja unaweza kuhitaji sekunde nyingi kusimama na mita 200 hazitoshi. Injini hazikuharibika, zilielemewa. Na kama ulifunga thrasta nyepesi kama wasafiri wengi tunavofanya ili meli iruke mbali zaidi basi ndo kabisa.

Kuhusu udogo, hapo jicho lilikudanganya. Kule hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia, sayari ya kijivu isiyo na hewa inaonekana vile vile iwe ndogo iwe kubwa. Rudi kwenye ramani uangalie na nusu kipenyo chake, mi nadhani utakuta inaizidi Dunia. Alafu hata ukubwa wenyewe hautoshi kukuambia kitu, Mercury ina kipenyo cha kilomita 4,879 na Mars 6,779, lakini mvuto wa juu ya ardhi zake unakaribia kulingana kabisa kwasababu Mercury imejaa chuma. Na Saturn ina uzito wa Dunia 95 ila juu ya mawingu yake mvuto umezidi wa kwetu kidogo tu, imetanuka mno. Kwahiyo soma namba. Ukishaiskani sayari fungua ramani ya mfumo, bonyeza hiyo sayari, graviti imeandikwa pale pamoja na joto, ni sekunde tano tu. Tena ukikaribia kushuka meli yenyewe inakuonyesha.

Mi nikiona chini ya 1 G natua kawaida. Ikizidi hapo nabadilisha kila kitu: nakuja kwa pembe ndogo, nguvu naweka kwenye ngao, miguu ya kutulia naishusha mapema kwasababu inafanya meli iitikie mkono wako taratibu, na nikiwa bado juu kama kilomita mbili napima breki. Nasukuma chini kwa kugusa tu, naachia, alafu naangalia namba ya urefu inachukua muda gani kutulia. Ikichelewa najua kabisa huko chini natakiwa niguseguse hivo hivo, kidogo, nasubiri isimame, kidogo tena. Usizime msaada wa kuongoza meli na usipige busti, yani msukumo wa ghafla, pua ikiwa imeelekea chini. Kuna watu wanatua kwenye sayari ya Achenar 3 yenye 6.73 G na wanaondoka salama, inawezekana, ila uza data kwanza ndo uende kujaribu vitu kama hivyo, nakuomba sana.

SWALI: Nimetua vizuri kabisa kwenye sayari ya 3.1 G lakini gemu hainiruhusu kushuka kwa miguu, ni bagi, yani kosa la gemu?

JIBU: Hapana sio bagi. Kutembea kwa miguu kulikuja na Odyssey, nyongeza ya gemu hii, mwaka 2021 na mwisho wake ni 2.7 G, ikizidi hapo mlango haufunguki kwa mtu wa miguu. Tumia kigari cha ardhini kinachobebwa ndani ya meli, hicho kinashuka. Ila endesha polepole ukikaribia mabonde, kwenye mvuto huo ukidondoka ukingoni kinafika chini kwa kishindo kikubwa na bodi yake sio ngumu.