"Kifaa cha kukokotoa" au "cha kukokotolea"?

SWALI: Ninaandaa maelezo ya picha kwa kitabu cha hesabu cha sekondari. Chini ya picha ya kifaa cha kale niliandika: "Kifaa cha kukokotoa cha Galileo kilichotengenezwa na shaba." Mhariri amebadilisha "kukokotoa" kuwa "kukokotolea", na anasema sentensi nzima bado haijakaa sawa. Je, kuna kosa, au ni mapendeleo yake tu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, na kifaa ulichokichagua kinamuunga mkono.

Tunasema jiwe la kusagia, lakini mashine ya kusaga. Jiwe halisagi mpaka mtu ashike la juu na kulisukuma. Mashine ikishawashwa inasaga yenyewe. Kiambishi cha kutendea, kile kinachogeuza kusaga kuwa kusagia, kinaonyesha kwamba mtendaji ni mtu na kitu ni chombo chake tu: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, mizani ya kupimia. Mpaka huu si ukuta, maana watu husema pia mashine ya kufulia, na hakuna anayekosea. Lakini ukiondoa kiambishi hicho, msomaji ana haki ya kuelewa kwamba kitu chenyewe ndicho kinachofanya kazi.

Sasa tazama kifaa chako. Galileo alikiita bikari ya kijiometri na ya kijeshi, akakiunda mjini Padua, Italia, mnamo 1597 kwa kuendeleza vyombo vya aina hiyo vilivyomtangulia. Ni mikono miwili bapa ya shaba iliyoungwa kwa bawaba, na juu yake imechongwa mistari yenye vipimo inayoanzia kwenye bawaba. Tuseme unataka kugawa mstari sehemu tano. Unauchukua urefu wake kwa bikari ya kawaida, ile ya kwenye mkebe wa mwanafunzi, kisha unaipanua mikono ya shaba mpaka urefu huo uenee sawasawa kati ya alama 100 ya mkono huu na alama 100 ya mkono wa pili. Bila kuisogeza, unapima kati ya 20 na 20. Hiyo ndiyo sehemu moja ya tano, kwa sababu pembetatu mbili zilizojitokeza zinafanana. Kwa njia hiyo hiyo Galileo alionyesha jinsi ya kubadili fedha za nchi moja kuwa za nyingine. Kila hatua inafanywa na mkono na jicho la mtumiaji. Shaba imetulia tu. Kwa hiyo: kifaa cha kukokotolea.

Kama picha yako ingekuwa ya chombo ambacho mwanahisabati Mfaransa Blaise Pascal alianza kukiunda mwaka 1642 ili kumpunguzia baba yake mzigo wa hesabu za kodi, ningekubali "mashine ya kukokotoa" bila kusita. Humo gurudumu likipita 9 linalisogeza la jirani lenyewe, na mtu hahitaji kukumbuka kubeba moja.

Nakuja kwenye "kilichotengenezwa na shaba". Hapa kosa ni wazi zaidi. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda, hivyo umeifanya shaba kuwa fundi. Malighafi huchukua "kwa": kimetengenezwa kwa shaba.

Na fundi mwenyewe alikuwepo, ana jina. Marc'Antonio Mazzoleni alihamia nyumbani kwa Galileo mwaka 1599 pamoja na familia yake, akawa anaunda vifaa hivi ambavyo Galileo aliwauzia wanafunzi wake na watu wenye nafasi. Mwongozo wa matumizi ulipochapishwa mwaka 1606, nakala zilikuwa 60 tu, maana asiye na kifaa hakuwa na haja nao. "Cha Galileo" peke yake haisemi kama alikibuni, alikichonga au alikimiliki. Kwa kitabu cha wanafunzi naona ni haki kumtaja pia aliyeishika tupa, na Kiswahili kinatupa kiambishi -ka- kinachopanga matendo kwa zamu bila kulundika "cha" juu ya "cha":

"Kifaa cha kukokotolea kilichobuniwa na Galileo, kikaundwa kwa shaba na fundi Mazzoleni."

"Kikokotoo" nacho ni neno sahihi, lakini kwa msomaji wa Tanzania siku hizi kinaleta kwanza mawazo ya kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Kwenye maelezo ya picha ningeliepuka.