Ubora wa kanda za VHS huanzia kwenye deki

Wageni wengi wa kazi hii ya kuhamishia kanda za harusi na maulidi kwenye kompyuta huanza kwa kuuliza programu ya kusafishia picha. Swali hilo liweke mwisho kabisa. Kisichoingia wakati wa kurekodi hakirudishwi na programu; itabuni tu, na bibi harusi wa mwaka 1991 atatokea na uso laini ambao hata dada zake hawautambui.

Kabla ya yote, chungulia kidirisha cha kaseti. Kanda zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja hushika ukungu kwa ule unyevu wa pwani, na utauona kama vumbi jeupe pembeni mwa utepe. Usiitie ndani ya deki. Ukungu utahamia kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, kisha kwenye kanda ya mteja anayefuata. Ambayo ni safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe yote kabla ya kuicheza.

Deki zenyewe sasa ni za mtumba tu, maana Funai, kampuni ya Japani iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Ukipata nzima, itunze. Hedi husafishwa kwa kipande cha ngozi laini ya shamwa chenye alkoholi ya isopropili: kishikilie kwa wepesi bila kukisogeza, huku mkono mwingine ukizungusha ngoma ya hedi taratibu. Kusugua juu na chini ndiko kunakovunja hedi, na pamba huacha nyuzi. Kama deki ina tundu la S-Video, litumie badala ya waya wa njano, kwa sababu hupeleka mwanga na rangi kila kimoja peke yake.

Mwanga unahitaji jicho lako. Tafuta mahali penye kanzu nyeupe juani, uangalie kama mikunjo ya kitambaa inaonekana. Isipoonekana, punguza mwangaza kwenye mipangilio ya kifaa cha kunasia (kile kinachoingiza picha ya deki kwenye kompyuta), hapo hapo, kabla hujarekodi.

Kanda zetu ni za PAL, mfumo wa televisheni wa huku kwetu: mistari 625, picha 25 kwa sekunde, na kila picha ni nusu mbili zilizopishana. Rekodi kwa 720 kwa 576 bila kuziunganisha hizo nusu, kwa kodeki (njia ya kufungasha video) isiyopoteza kitu kama FFV1 au HuffYUV. Saa moja hula takriban GB 30, kwa hiyo andaa diski kubwa. Baadaye zitenganishe ziwe picha 50 kwa sekunde. Wengi hutoa 25, na mikono ya mpiga ngoma huanza kurukaruka; wasiotenganisha kabisa huona kingo zenye meno ya kitana. Kanda zilizotumwa na ndugu walioko Marekani ni NTSC, mfumo wa kule, zitafutie deki inayozicheza kama zilivyo.

Sasa ndipo programu ya kusafishia: chembechembe za picha zipunguze kidogo sana. Mteja mpe MP4, faili ghafi ihifadhi kwenye diski mbili.