Tohara au ukeketaji?

SWALI: Ninatangaza katika redio ya jamii mkoani Mara. Kila inapofika Februari 6, siku ya kimataifa ya kupinga ukeketaji, mhariri wangu hufuta "ukeketaji" na kuandika "tohara ya wanawake". Anasema ndilo neno la heshima. Je, maneno haya ni sawa? Na aliyefanyiwa tumwite nani?

JIBU: Kisarufi yote mawili yanakubalika. Kimaana yako mbalimbali sana, na hapa simuungi mkono mhariri wako.

Tohara imetoka katika Kiarabu, na asili yake ni usafi. Ndugu zake ni tahiri, twahara, hata toharani ya Wakatoliki, ambako roho hutakaswa. Ukisema binti katiwa tohara, umeshamwambia msikilizaji kwamba alikuwa na uchafu, sasa umeondolewa. Tena umemweka fungu moja na kaka yake aliyekatwa govi, wakati yeye kaondolewa kinembe, pengine na mashavu ya uke, na wengine hushonwa kabisa.

Keketa je? Mtazame mtu anayekata kitu kigumu kwa kisu butu: kisu kinakwenda, kinarudi, hakipiti. Huko ndiko kukeketa. Tumbo linalouma kwa kuchomachoma nalo tunasema linakeketa. Maumivu yamo ndani ya kitenzi chenyewe, ndiyo maana nalipenda neno hili.

Mvutano huu hauko kwetu tu. Mwaka 1990, mjini Addis Ababa, wanaharakati wa Kiafrika wanaopinga mila zenye madhara walikubaliana kuachana na neno la tohara, washike lile linalotaja kuharibiwa kwa kiungo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya (WHO), ya watoto (UNICEF) na ya idadi ya watu (UNFPA) yalilitumia katika tamko lao la pamoja la mwaka 1997.

Lakini studio si uani kwa bibi. Niliwahi kumuuliza mama mmoja mtu mzima habari za "ukeketaji" wa enzi zake. Akaangalia pembeni, akaendelea kupepeta mchele. Nilipouliza, "Mlipotahiriwa ilikuwaje, mama?" aliweka ungo chini, akasimulia mpaka jua likazama. Anayesimulia yaliyompata mwachie neno lake, usimsahihishe hewani. Taarifa yako wewe iseme ukeketaji.

Unyago usiuingize humu. Wako wengi wanaowacheza wari, yaani wasichana wanaofundwa, bila kumgusa mtu kwa wembe.

Sasa aliyefanyiwa. "Mkeketaji" ni ngariba, na nimeona habari zikimwita hivyo mtoto mwenyewe! "Mkeketwaji" nalo halijengeki vizuri. Aliyefungwa ni mfungwa, basi aliyekeketwa ni mkeketwa. Hata hilo silipendi, maana linaligeuza jeraha lake kuwa jina lake. "Mhanga" linanukia kafara. Andika "msichana aliyekeketwa". Akijiita manusura, mwite manusura.