Chini ya mstari mwekundu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mfanyakazi mwenye maumivu ya kudumu amweleze mwajiri wake na kuomba kurekebishiwa masharti ya kazi, au anyamaze?" Nililisoma kwenye simu ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara, hapa Dar es Salaam, nikiwa nimesimama na kulikumbatia bomba kwa kiwiko kwa sababu vidole havikuwa bado tayari kushika kitu, na jibu langu lilikuwa limekwisha kuja kabla hatujafika Ubungo: anyamaze. Naandika kueleza kwa nini.

Nina baridi yabisi tangu mwaka 2017. Jina lenyewe limeniponza, maana kila anayelisikia hunishauri nivae sweta na nikae mbali na kiyoyozi, kana kwamba ni upepo ulioniingia mwilini. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utando wa ndani wa viungo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wala hausubiri uzee. Jambo ambalo asiye nao ni vigumu kulielewa ni saa zake. Asubuhi viungo huwa vimekakamaa, kwangu mimi kwa saa moja na nusu au mbili, kisha hulegea kidogo kidogo, hata mtu anayenikuta adhuhuri nikiandika upesi na kushusha mafaili kabatini hawezi kuamini kwamba alfajiri ya siku hiyohiyo nilishindwa kufungua kifuniko cha dawa ya meno.

Swali lenu linadhani kwamba mgonjwa huketi, akapima faida na hasara, kisha akaamua kusema au kutosema. Mimi sikuamua. Nilisemeshwa na kalamu.

Ofisi yetu, ambayo kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, huweka daftari la mahudhurio kwenye meza ya mlinzi, na mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa katika mji huu analijua daftari la namna hiyo: ikifika saa mbili na dakika tano, afisa rasilimali watu anashuka na rula yake, anapiga mstari mwekundu, na kila atakayesaini chini ya mstari amechelewa. Ukichelewa mara tatu kwa mwezi unaandikiwa barua. Kalamu ya daftari lile ni nyembamba na imefungwa kwa uzi mfupi ili isiibwe, kwa hiyo unalazimika kuinama na kuibana kwa ncha za vidole. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, naloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nambembeleza mtoto wa jirani anifunge vifungo vya blauzi, ili tu nifike juu ya mstari. Nikafika. Kwa karibu miaka miwili sikusaini chini yake hata siku moja. Lakini sahihi niliyoiweka asubuhi haikuwa sahihi bali mkwaruzo, na ile ya jioni wakati wa kutoka ilikuwa nadhifu kama ilivyo kwenye mkataba wangu.

Siku moja nikaitwa juu. Mezani kulikuwa na kurasa za miezi mitatu, sahihi zangu za asubuhi zimezungushiwa duara. Afisa, ambaye si mtu mbaya, akaniuliza kwa upole ni nani huwa ananisainia. Kusainiana ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi, na yeye alikuwa tayari na jina la anayemshuku: msichana wa stoo ambaye huwa tunapanda naye basi moja. Ningenyamaza tungeondoka wawili. Nikamweleza ugonjwa, na ili kuthibitisha nikaomba kalamu nisaini mbele yake. Ilikuwa saa nne kasorobo. Mkono ulikuwa umelegea nusu, kwa hiyo sahihi iliyotoka haikufanana na ya asubuhi, wala haikufanana na ya jioni. Akaitazama muda mrefu, akaigeuza karatasi upande wa dirisha, kisha akasema: "Dada, sasa hii ya tatu ni ya nani?"

Leo naicheka. Siku ile nililia, tena nililia vibaya, kilio cha kumtia mwenzako aibu, naye akasogeza boksi la tishu na kuniambia nilete karatasi ya hospitali.

Karatasi za hospitali zetu, kwa jinsi ninavyozifahamu, zina lugha mbili tu. Ya kwanza ni ED, kwamba huyu apumzike siku tatu au saba, ya pili ni sentensi moja, "Apewe kazi nyepesi." Daktari aliniandikia ya pili. Sasa mimi ni mhasibu msaidizi, nalinganisha vitabu vyetu na taarifa za benki, na kazi yangu haijawahi kuwa nzito. Nilichohitaji ni kazi ileile kwa saa nyingine. Meneja, akiwa na nia njema kabisa, alisoma "kazi nyepesi" na kufikiria mapokezi, kwa kuwa machoni pake anayekaa mapokezi hafanyi lolote. Nikahamishiwa huko Jumatatu iliyofuata. Na mtu wa mapokezi, kama mnavyojua, ndiye anayefungua ofisi: saa moja na nusu.

Kwa hiyo nilieleza maumivu ya asubuhi, nikapewa asubuhi zaidi. Nilikaa pale wiki tatu nikinyanyua simu kwa viganja viwili, huku kila anayepita akinipa pole na kuniuliza kama ile sweta ninayo.

Hapa ndipo nilipokusudia kumalizia, na jibu langu la kwenye basi lingebaki lilivyo. Lakini nikiyasoma tena niliyoandika naona jambo ambalo sikupenda kulikiri: hakuna aliyeninyima kitu, kwa sababu sikuwa nimeomba kitu. Nilisimulia ugonjwa kama niko kliniki, kisha nikawaachia watu wa forodha na mizigo wabuni tiba.

Barua ya pili niliiandika mwenyewe, mistari minne, bila kutaja kiungo chochote cha mwili. Niliomba kurudi kwenye uhasibu, niingie saa tatu na nusu na kutoka saa kumi na mbili na nusu, kwa majaribio ya miezi mitatu, nikaeleza kwamba hesabu ninazolinganisha hazidai kufanywa asubuhi. Jibu lilichukua siku kumi na tisa. Nilirudishiwa meza yangu. Nikapewa saa tatu badala ya saa tatu na nusu. Na siku za kufunga mwezi niwahi kama wengine. Siku hizo bado naamka saa kumi.

Wapo watakaouliza kwa nini sikutaja sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, lakini hizo ni siku za kulala kitandani, na mimi sikuomba kulala. Kanuni zake za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya ugonjwa, maana yake ni kwamba marekebisho yanatajwa wakati mguu mmoja umeshatoka nje. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Kuitumia kungenilazimu nijiite hivyo. Sijafika huko. Baadhi ya asubuhi nimefika.

Basi narekebisha jibu langu: aseme, ila aombe saa, au kiti, au kalamu nene, na ugonjwa autaje kwa kadiri atakavyoulizwa. Nasema hivi nikijua kwamba mkataba wangu ni wa kudumu. Yule msichana wa stoo ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, anatakiwa anywe maji mengi na asikae kwenye baridi, na mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu tangu enzi zile za sahihi. Mwezi uliopita aliniuliza afanyeje. Nilimwambia asubiri kwanza wamwongeze mkataba. Jioni hiyohiyo nikamtolea nakala ya barua yangu.

Mstari mwekundu ungali unapigwa. Nasaini chini yake, na afisa huandika R pembeni kwa mkono wake, ruhusa, ingawa walinzi wapya bado hutazama saa ya ukutani wanaponiona. Jina langu, Mhariri, naomba msilichape. Meneja wetu ni msomaji wenu wa siku nyingi.

Msomaji, Kimara