Wamesema nivue ushungi ndo nipate kazi

SWALI: Asalam aleykum dada. Mimi ni binti wa miaka 24 naishi Mbagala. Juzi niliitwa usaili kwenye ofisi moja huko mjini, kazi ya mapokezi, maswali yote nikajibu freshi, mwisho yule bosi akaniangalia kichwani akasema "hicho kitambaa ukianza kazi utakuwa unakivua eeh, wateja wetu hawajazoea". Nikaomba niende chooni nikachomoa pini, ushungi ukashuka mabegani nikajiangalia kwenye kioo nikashindwa kabisa, nikaufunga tena nikaondoka bila kuaga. Mama ananilaumu anasema kazi zenyewe ziko wapi, ningevua tu. Na kwenye daladala naitwa ninja wakati hata nikabu sivai. Nimekosea?

JIBU: Waaleykum salaam mdogo wangu. Hujakosea, na hapo kwenye kioo nimeparudia mara 3 roho inaniuma. Eti wateja hawajazoea, Dar hii hii? Mtu kahudumiwa na wanawake wa ushungi Kariakoo tangu asubuhi, Rais Samia tangu Machi 2021 anapokea wageni wa dunia nzima na ushungi wake, leo iwe tatizo pale mapokezi!

Sasa nisikilize. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa dini yake, na wengi hawajui kwamba inamlinda hadi anayeomba kazi, sio aliyeajiriwa tu. Leo hii kaa uandike tarehe, saa, nani alikuwepo na maneno yake kama alivyoyatamka, halafu watumie meseji ya heshima uulize majibu ya usaili na kama ushungi ndo kikwazo, wakijibu usifute. Ukitaka kusonga mbele nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila wahi maana siku zinahesabiwa.

Mama usigombane naye, anawaza kodi na unga huyo, muonyeshe tu kwamba unaendelea kutafuta.

Hilo la ninja nalijua. Mimi niliitwa hivyo kwenye gari ya Gongo la Mboto, gari zima kimya, nikawa naangalia viatu vyangu, mara mzee mmoja siti ya mbele akamwambia konda "muombe radhi binti wa watu". Konda akaomba. Yule mzee wakati anashuka ndo nikaona ana rozari mkononi.